Tanuri la Babu, Mtambo wa Mtafiti

Benchi hili nimelitengeneza mwenyewe, msihangaike kulitafuta. Nimeliegesha kando ya barabara ya Pugu, mbele kidogo ya Gongo la Mboto, pale malori ya taka yanapopita kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi huku yakidondosha sehemu ya mzigo njiani. Nimewakalisha watu wanne ambao kwa kawaida hawakai pamoja. Babu ni mzee wa Kisarawe, alichoma mkaa mpaka mgongo ulipomgomea. Mtafiti ametoka chuo kikuu, kompyuta begani, chupa ya mafuta mkononi. Dogo anaokota makopo. Mama Lishe ndiye mwenye benchi, mwenye chai na mwenye jiko. Maneno yao ni ya kutunga, ila ugomvi wenyewe upo, na huwa unamalizwa na watu wasiowahi kuwasikia Babu wala Dogo. Mimi nimekaa pembeni, nitaingilia nikiona mtu anakwepa swali.

Mtafiti anaweka chupa yake mezani. Mafuta yaliyomo yana rangi ya chai ya mkandaa.

Mtafiti: Nuseni, msionje. Wiki iliyopita haya yalikuwa madumu yaliyopasuka na viroba vilivyochakaa. Leo yanawaka. Kazi hii inaitwa pairolisisi. Unatia plastiki kwenye chungu cha chuma, unakiziba hewa isiingie, unapandisha joto mpaka nyuzi 400 au 500. Plastiki haiungui, kwa sababu moto usio na hewa hauna cha kupumua. Inakatikakatika. Vipande vyake vinapanda kama mvuke, unavipitisha kwenye bomba linalopozwa kwa maji, vinakuwa mafuta. Gesi isiyokubali kuwa mafuta unairudisha chini ya chungu iwe moto wa mtambo. Ndani yanabaki masizi.

Babu: Chungu kimezibwa, hewa haiingii?

Mtafiti: Haiingii, Babu.

Babu: Na kikiingiza hewa?

Mtafiti: Hapo unaharibu kila kitu. Na gesi ikichanganyika na hewa kwenye joto lile, kinaweza kulipuka.

Babu: Sasa mwanangu, si umekuja kuniuzia tanuri langu mwenyewe? Mimi napanga magogo, nafunika majani, nafunika udongo, natia moto upande mmoja. Siku za kwanza moshi ni mweupe, mzito. Hayo ni maji ya mti yanatoka. Baadaye unageuka, unakuwa na ukali wa kuchoma macho. Mwisho unakuwa mwembamba, wa bluu, unaona mpaka upande wa pili. Ukiuona huo, unaziba kila tundu na kulala hapohapo, maana tundu moja likifunguka usiku, asubuhi unakuta majivu. Sikusoma popote. Niliusoma moshi.

Hapa lazima niseme kitu. Babu hajivuni bure. Alichokifanya porini ndicho hichohicho anachokifanya Mtafiti maabara, na hata zile hatua za moshi wake zimo kwenye vitabu vya kemia: kwanza mti unakauka, kisha, ukivuka nyuzi 270 hivi, unaanza kuvunjika wenyewe na kutoa joto lake. Tofauti ni kwamba Babu alitaka kilichobaki chini na kuacha kilichopaa juu. Karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vikiukamata moshi wa kuni na kutoa humo spiriti ya mti, asidi ya siki na lami. London nayo ilianza kuwashiwa taa za barabarani kwa gesi ya makaa ya mawe yaliyopashwa moto bila hewa. Kampuni ya gesi hiyo ilipewa hati mwaka 1812. Kwa hiyo anayetuletea pairolisisi kama muujiza wa juzi ana jambo analolificha, au hajui historia ya kazi yake.

Mtafiti: Sibishi. Lakini Babu, tanuri la udongo linakurudishia kilo 10 mpaka 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Zilizobaki umezipeleka angani. Wasenegali wana tanuri la Casamance, lina bomba la moshi, linatoa mkaa mwingi kwa magogo yaleyale. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti: kupunguza kinachopotea.

Babu: Na mlikuja lini Kisarawe kutuonyesha hilo bomba?

Mtafiti anakunywa chai.

Dogo: Shikamooni wazee. Mimi nina swali moja tu, Mwalimu. Hayo madumu uliyapata wapi?

Mtafiti: Tulinunua. Kuna stoo pale mbele.

Dogo: Stoo ile inanunua kutoka kwangu. Dumu ni plastiki ngumu, ina bei. Kiroba kina bei. Chupa ya maji ina bei ndogo, lakini ipo. Chupa 60 hivi unapata kilo. Kuna watu wanayasaga madumu, wanauza chengachenga, zinatoka beseni na ndoo. Sasa wewe umechukua kitu chenye mnunuzi, ukakipika, ukapata mafuta ya kuchoma. Beseni lingerudi kwangu mara ya pili likipasuka. Mafuta yako yakishawaka, yamekwenda.

Mtafiti: Ni majaribio. Maabara unaanza na malighafi safi ili ujue mtambo unafanya nini.

Dogo: Sawa, lakini mtambo ukikua utataka tani ngapi kwa siku? Utazipata wapi kama si kwangu? Na ukishafunga mkataba na halmashauri kwamba taka zote ni zako, mimi nikiokota chupa nitaitwa mwizi.

Hilo swali limekaa vizuri kuliko mengi niliyosoma kwenye maandiko ya miradi. Taarifa za maabara husema mafuta yanaweza kufika asilimia 70 au 80 ya uzito wa plastiki, na ni kweli, ikiwa ni plastiki ya madumu na mifuko, iliyooshwa, ikakaushwa, ikatengwa. Plastiki ya aina hiyo ina joto linalokaribiana na la dizeli, kilo kwa kilo. Lakini neno “plastiki” linafunika ndugu wasiosalimiana. Chupa ya maji ina oksijeni ndani ya mwili wake. Ukiipika hupati mafuta ya maana, unapata asidi ngumu inayoganda na kuziba bomba. Bomba la maji machafu, ngozi ya bandia ya makochi na waya wa umeme vina klorini, na kwenye PVC, plastiki inayotengenezewa vitu hivyo, klorini ni zaidi ya nusu ya uzito. Ikipata joto inatoka kama asidi inayokula chuma cha mtambo, na baadaye, moto ukiwa wa ovyo, inazaa sumu za dioksini. Vipande vichache vya waya kwenye shehena ya madumu vinatosha kuiharibu.

Mama Lishe: Mimi nasubiri mtu aniambie hayo mafuta nitayatia wapi. Jiko la mafuta ya taa ninalo, limekaa uvunguni.

Mtafiti: Hapana Mama, usiyatie kwenye jiko. Humo ndani kuna sehemu inayofanana na petroli, sehemu inayofanana na dizeli, na nta. Jiko linaweza kulipuka. Lazima yatenganishwe kwanza, yasafishwe.

Mama Lishe: Na nani atanihakikishia kwamba atakayeniuzia ameyatenganisha? Hapa tumeshachakachuliwa.

Wanacheka wote, maana neno hilo lina umri wanaoukumbuka. Mwaka 2010, wakati dizeli iliyotiwa mafuta ya taa ilipokuwa ikiua injini za daladala, EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ili kuwakamata wachanganyaji, na “kuchakachua” likatoka kwenye vituo vya mafuta likaingia kwenye kampeni za uchaguzi wa mwaka huohuo na halijatoka tena. Nchi iliyopata shida ile kudhibiti mafuta yanayoingia kwa meli bandarini itayadhibiti vipi yanayopikwa kwenye mapipa uani? India imeiona kadhia hiyo kwenye matairi: vijitambo vya kuyapika viliota pembezoni mwa miji, vikiacha masizi na harufu ya salfa, na mwaka 2022 serikali yao ikapiga marufuku kuingiza matairi chakavu kutoka nje kwa ajili ya kutolea mafuta ya pairolisisi. Hawakuikataa sayansi. Walichoka kuwa jalala la matairi ya wengine.

Mama Lishe haishii hapo. Anainuka, anarudi na ndoo, anaiweka katikati ya miguu yetu. Maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, maji ya maharage, utumbo wa samaki, na juu yake mfuko mmoja wa plastiki umeelea.

Mama Lishe: Hizi ndizo taka zangu. Kila siku ndoo mbili. Mtambo wako unakula hizi?

Mtafiti: Zikikaushwa, unakula.

Mama Lishe: Zikaushwe na nani?

Kimya. Nikachukua karatasi ya kufungia maandazi nikapiga hesabu, kwa sababu ndoo ya Mama Lishe ndiyo taka halisi ya miji yetu. Zaidi ya nusu ya kinachotoka majumbani ni mabaki ya chakula na mimea. Chukua kilo 10 za namna hii. Kilo 7 ni maji, ukikadiria kwa huruma. Kuchukua kilo moja ya maji kutoka joto la Dar es Salaam mpaka ikawa mvuke kunakula megajuli 2.6 hivi, kilo 7 ni megajuli 18. Kilo 3 zilizobaki, kavu kabisa, zina megajuli 50 kwa jumla. Yaani zaidi ya theluthi ya nguvu yote imeshalipwa kwa maji kabla mtambo haujaanza kazi, na bado sijahesabu joto linalopotea kwenye chuma, mota za kusukuma na umeme wa kupoza. Ukibaki na kitu, ni kidogo.

Mtafiti: Hesabu yako iko sawa, na kwa ndoo ile sitabishana. Taka mbichi ziende kwenye biogesi. Hale, kule Korogwe, walishaweka mtambo wa biogesi ya mabaki ya mkonge, kwa sababu jani la mkonge linatoa nyuzi asilimia chache tu, kinachobaki ni maji na massa. Hapo ukileta pairolisisi umekosea mlango. Au fuga mabuu, lisha kuku.

Babu: Basi wewe unataka kavu tu.

Mtafiti: Kavu, ya aina moja, iliyorundikwa mahali pamoja.

Babu: Kama mti.

Mtafiti: Kama mti, Babu.

Hapo ndipo nilipomgeukia Mtafiti na swali ambalo wataalamu hawapendi kuulizwa mbele ya watu. Ujerumani haina upungufu wa wahandisi, wala wa fedha, na wananchi wake wanatenga taka jikoni. Burgau, huko Bavaria, ilikuwa na mtambo wa pairolisisi wa taka za majumbani uliofanya kazi tangu miaka ya 1980 mpaka 2015, kisha ukafungwa. Fürth walijenga mtambo mkubwa wa Siemens; Agosti 1998 gesi ikavuja, watu wakapelekwa hospitali, na mradi ukafa. Kama waliotangulia wamejikwaa kwenye taka mchanganyiko, sisi tunaochanganya kila kitu kwenye kiroba kimoja tunakimbilia nini?

Hakukwepa. Namheshimu kwa hilo.

Mtafiti: Nitakujibu, ila na wewe unijibu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 ilikadiria taka za Afrika kusini mwa Sahara kuwa tani milioni 174 kwa mwaka 2016. Ni kilo 0.46 kwa mtu kwa siku, kidogo kuliko popote duniani. Lakini zinakwenda wapi? Machi 2017, dampo la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Agosti 2024 Kiteezi, Kampala, likaporomoka, wakafa zaidi ya 30. Dandora, Nairobi, lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na malori yameendelea kumwaga. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilipotoa matokeo ya uchunguzi mwaka 2007, nusu ya watoto 328 waliopimwa karibu na Dandora walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango. Hiyo ni risasi ya madini, si ya bunduki. Na jioni hii, ukitembea kutoka hapa mpaka Chanika, hesabu nyumba zinazochoma plastiki uani. Mnaulinganisha mtambo wangu na usafi ambao haupo. Ulinganisheni na moto wa uani.

Hapo alinishika. Moto wa uani ni mbaya kuliko mtambo wowote uliotengenezwa kwa akili timamu, na sisi tunaoandika tumekuwa wepesi wa kumkagua mhandisi kuliko kumkagua jirani mwenye kiberiti. Na Jiji letu limekuwa likihamisha tatizo tangu zamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliliburuta Jiji mahakamani kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo. Jiji lilipoomba liongezewe muda wa kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa. Malori yakaenda Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakashtaki. Yakaenda Vingunguti, yakaenda Mtoni, yakaja Pugu. Sheria iliwalinda watu wa Tabata, na taka zikatafuta mahali ambapo watu hawajapata wakili.

Lakini hoja ya Mtafiti ina ufa mmoja. Addis Ababa, mwaka uliofuata baada ya maafa ya Koshe, ilizindua mtambo wa kuchoma taka na kutoa umeme palepale penye dampo, Repi, uliotangazwa kuwa na uwezo wa kula tani 1,400 kwa siku. Huo si wa pairolisisi, ni tanuru la kuchoma moja kwa moja, lakini unafundisha kitu kimoja: mtambo mkubwa ni tumbo. Ukishajengwa unadai kulishwa kila siku, iwe taka ni kavu au mvua imenyesha wiki nzima. Jiji lililokopa kujenga tumbo la namna hiyo halina haraka ya kumwambia mtu apunguze taka.

Babu: Mbona mnazunguka? Mtu anayetaka kitu kikavu, cha aina moja, kilichorundikwa, haji mjini. Aende Ifakara, aende Mbarali, aende Kahama, asimame nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kuna vilima vya pumba pale. Watu wanazitia moto zinaungua polepole siku nzima. Aende Mafia akaangalie vifuu vya nazi. Hata mbao za kupasua, yale maranda yanakwenda wapi?

Mtafiti: Pumba ni kama kilo 20 kwa kila kilo 100 za mpunga, na zimekauka tayari.

Babu: Sasa ulikuwa unatafuta nini kwenye madumu ya huyu kijana?

Nadhani Babu ndiye aliyelifikia neno. Tatizo la utafiti wa pairolisisi katika nchi zetu halipo kwenye chungu wala bomba. Halijoto na mabomba yanajulikana. Mfadhili anapenda plastiki, kwa sababu picha ya plastiki baharini inauma macho ya watu wake. Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu ya pumba. Kwa hiyo andiko linaandikwa juu ya plastiki na mtambo unaletwa mjini, unafuata taka ngumu kuliko zote kushughulikia, huku taka rahisi kuliko zote zikiteketea nyuma ya mashine za mpunga. Huko India, taasisi ya ARTI ya Pune ilifundisha wakulima kugeuza majani makavu ya miwa kuwa mkaa kwa mapipa, vumbi lake likafinyangwa kuwa mkaa wa kupikia. Ni teknolojia ya pipa, na ilipata tuzo ya Ashden mwaka 2002. Sisi Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mkaa mbadala unatajwa kila mara, lakini Mama Lishe bado ananunua gunia la mkaa wa mti wa mkambala.

Mama Lishe: Huo mkaa mbadala nimeutumia. Unakaa na moto, sikatai. Ila ukiwa na haraka ya chapati asubuhi haushiki upesi, na majivu yake ni mengi.

Mtafiti: Kama ni wa pumba, ni silika. Jivu haliepukiki, labda kuchanganya na vifuu.

Mama Lishe: Basi changanyeni. Si ndiyo kazi yenu?

Mtafiti aliandika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akae kuandika kitu alichoambiwa, badala ya kutuonyesha alichoandika.

Dogo alikuwa amenyamaza kwa muda, nikadhani ameridhika kwamba Babu amemfukuzia mshindani shamba. Kumbe alikuwa anawaza. Akainuka, akaenda kwenye guta lake, akarudi na kiroba kikubwa kisicho na uzito wowote. Akakimimina kidogo miguuni pa Mtafiti: karatasi za biskuti, vifuko vya sabuni ya unga, vya krispi, vile vinavyong’aa ndani kama fedha.

Dogo: Hizi hapa. Hizi hazina mnunuzi. Nimezunguka stoo zote mpaka Buguruni, wanazikataa.

Mtafiti: Ni matabaka. Plastiki, alumini, plastiki nyingine, vimegandishwa pamoja. Huwezi kuvisaga ukapata beseni. Lakini ukivipika, plastiki inaondoka na alumini inabaki chini.

Dogo: Kwa hiyo unaziweza?

Mtafiti: Nadhani. Kuna watu wanajaribu. Tatizo ni kuzikusanya. Kimoja kina gramu mbili, tatu.

Dogo: Nilizihesabu siku moja. Zaidi ya 400 ndiyo kilo. Ukinipa bei ya chupa, siinami. Nani atalipa hiyo tofauti? Anayeuza biskuti?

Mama Lishe: Anayeuza biskuti hajawahi kupita hapa.

Mtafiti alishika kifuko kimoja, akakigeuza, akakisugua kwa kidole gumba kuangalia kama kina mafuta.

Mtafiti: Vimekauka kweli hivi?

Dogo: Nimevianika tangu Jumamosi. Nilisikia unakuja.